Choma ya Misikhu: Watu Saba, Bili Moja, na Karatasi ya Mwalimu

Ukitoka Webuye kuelekea Kitale, hujakaa sana garini kabla ya kuingia Misikhu. Saa za mchana utaijua kwa moshi. Kando ya barabara kuna bucha zenye vioo mbele, mbuzi wamening'inia ndani, na nyuma kuna majiko ambayo hayapumziki mpaka giza liingie. Madereva wa malori ya mahindi wanapajua, makondakta wanapajua. Sisi tulipajua mwezi wa Aprili, tulipokuwa tukizunguka kaunti ya Bungoma kuongea na wenye biashara ndogo kuhusu malipo ya simu, na njaa ikatukamata saa nane mchana.

Tulikuwa wanne kutoka ofisini. Wenyeji watatu wakajiunga nasi: mama mmoja ambaye ni wakala wa pesa za simu pale sokoni, mwenyekiti wa bodaboda wa steji, na mwalimu mstaafu ambaye kila mtu, hata mchomaji, humwita Mwalimu tu. Jumla saba. Ishike hiyo namba, tutaihitaji.

Kama hujawahi kula choma upande huu, utaratibu ni rahisi. Menyu hakuna. Unasimama mbele ya kioo, unaonyesha kwa kidole, mwenye bucha anakata, anaweka kwenye mizani, unaambiwa bei, nyama inaenda motoni. Bei ni ya nyama mbichi. Wageni wengi hulisahau hili na kuanza kulalamika mezani: kilo uliyopimiwa siyo kilo utakayoletewa kwenye ubao, kwa sababu maji na mafuta yote yameishia kwenye makaa. Ukitaka kushiba, agiza ukijua hivyo.

Mwenyekiti ndiye aliyetuchagulia. Mbavu na mguu, kilo tatu za mbuzi, na shingo akaikataa kabisa. Mwalimu naye akasema hawezi kuwaona wageni wakiondoka kwa Wabukusu bila kuonja engokho, kwa hivyo kuku mmoja wa kienyeji akaongezwa. Busuma sahani tano, mboga za kienyeji, kachumbari, soda saba. Mama Wakala hakusema neno wakati huo wote. Alichofanya ni kumwomba mwenye bucha karatasi na kalamu, akaandika kila kitu na bei yake kabla nyama haijafika jikoni, kisha akampa mwenye bucha aipitie. Mbuzi 2,400. Kuku 1,200. Ugali 300. Mboga 200. Kachumbari 100. Soda 420. Jumla shilingi 4,620.

"Bili inaandikwa mtu akiwa na njaa," alituambia. "Akishashiba, kila mtu anakumbuka yake."

Choma ya Wakorea

Nyama ya mbuzi haina haraka. Tuliletewa supu ya mifupa kwenye vikombe, moto, yenye pilipili, na haikuwa kwenye bili. Hapo ndipo mwenzetu mmoja, aliyekuwa ametoka kula kwenye mkahawa wa Kikorea Nairobi, akaanza kutuhadithia. Kule, alisema, jiko liko katikati ya meza yenyewe. Unaletewa nyama mbichi iliyokatwa nyembamba: ya nguruwe ambayo wanaiita samgyeopsal, au ya ng'ombe iliyolowekwa kwenye sosi ya soya, sukari, kitunguu saumu na mafuta ya ufuta, ambayo ni bulgogi. Mnaichoma wenyewe, mnaikata kwa mkasi, mnaifunga kwenye jani la letusi pamoja na kipande cha kitunguu saumu, na fungu lote linaingia mdomoni mara moja.

"Kwa hivyo unalipa, halafu unajipikia?" Mwalimu aliuliza. Meza nzima ikacheka, mwenzetu pia.

Lakini alipoendelea, tuliona hatuko mbali. Kule nako kuna vibakuli vidogo vya kachumbari na kimchi vinavyokuja bila kuagizwa na bila kulipiwa, kama supu yetu. Kule nako mkubwa wa umri ndiye anayeanza kula. Na kwa desturi ya zamani, mkubwa huyo huyo ndiye aliyetoa pesa ya wote. Siku hizi vijana wa Korea wanagawana. Kuna huduma inaitwa Kakao Pay, iliyoanza mwaka 2014, ambapo mmoja analipa, anachagua majina ya waliokuwa mezani, na simu yenyewe inamtumia kila mmoja ombi la fungu lake. Hakuna anayelazimika kumwambia rafiki yake, "Bado hujanipa yangu."

Huku kwetu M-Pesa ilianza Machi 2007, na Lipa na M-Pesa ikaja mwaka 2013. Kulipa bucha kwa simu si habari mpya Misikhu. Swali linaloleta kimya mezani ni lingine kabisa, na mwenyekiti ndiye aliyeliuliza mchomaji alipokuwa akikatakata mbavu mbele yetu.

"Sasa, nani anatoa?"

Mwalimu akainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa. "Mimi si mimi tena. Yangu nilimaliza Desemba."

Yaliyompata Mwalimu

Tuliisikia tukiwa tunakula. Desemba iliyopita Mwalimu aliongozana na wazee wanane kwenda upande wa Kiminini kwa mazungumzo ya mahari ya mtoto wa kaka yake. Familia ilikuwa imechanga, na pesa yote ilikuwa kwenye simu ya Mwalimu, kwa sababu yeye ndiye anayeaminika na ndiye anayejua kusoma meseji bila miwani. Mambo yalienda vizuri. Wakati wa kurudi wakasimama kwenye soko moja njiani, siyo Misikhu, wakala choma. Bili ikafika 7,800. Mwalimu akaangalia ukutani, akaona namba, akalipa.

Mwenye hoteli akasema hajapata kitu. Wakangoja. Simu ya mwenye hoteli haikulia. Giza linaingia, wazee wamechoka, mhudumu amesimama mlangoni. Mwisho wake Mwalimu akalipa mara ya pili kwa namba aliyotajiwa kwa mdomo, na pesa aliyotumia ilikuwa ya gari. Walipofika nyumbani dereva hakuwa na mtu wa kumlipa. Ilibidi mzee mmoja aamshe mtoto wake usiku atume.

"Pesa ni pesa, itakuja nyingine," Mwalimu alisema. "Lakini wazee hawakuniuliza. Wangeniuliza ningejibu. Walinyamaza tu. Na kikao kilichofuata, mfuko ukapewa mtu mwingine."

Tulimuuliza kuhusu ule ujumbe wa malipo ya kwanza. Hakuwa nao. Simu yake ni kabambe, ilikuwa imejaa, na siku chache baada ya safari alifuta meseji zote ili mpya ziweze kuingia.

Mama Wakala alitikisa kichwa. Anasema kibandani kwake watu wa namna hii wanakuja kila mara, na wengi wanakuja wakiwa wamechelewa. Kwa M-Pesa, ukigundua umekosea, unatuma ule ujumbe wa muamala kwenda 456 pale pale, ukiwa bado umesimama mbele ya mwenye hoteli. Usingoje ufike nyumbani, wala usingoje asubuhi. Pesa ikiwa bado iko kwa aliyeipokea, kuna njia ya kuishikilia. Akishaitoa au kuitumia, kazi inakuwa ngumu.

660

Tukarudi kwenye bili yetu. Shilingi 4,620 kwa watu saba ni 660 kila mtu. Hapo kila mmoja akawa na njia yake ya kulipa, na Mama Wakala akageuza ile karatasi, akatuandikia upande wa pili. Hesabu ni za viwango vya M-Pesa vilivyokuwepo wakati tunaandika.

Mwenye bucha mwenyewe alikuwa amependekeza tumtumie kwenye simu yake, "na ya kutoa." Kutuma 4,620 kwa mtu ni shilingi 57. Kuitoa kwa wakala ni 69. Jumla 126, ambayo ni zaidi ya ile kachumbari, na haimnufaishi mtu yeyote pale mezani.

Njia ya pili: mmoja wetu alipe yote kwenye Till, kisha sita wamrudishie. Kulipa kwenye Till hakumkati mteja chochote. Lakini kumtumia mwenzako 660 ni shilingi 13, na sita wakituma ni 78. Juu ya hiyo kuna mtego ambao mwenyekiti aliutaja kabla hatujamuuliza. "Mkinitumia mimi, mjue haifiki. Niko na Fuliza." Alisema akicheka, lakini ni kweli kabisa. Mtu mwenye deni la Fuliza akipokea pesa, deni linakatwa kwanza. Rafiki yako amelipa bili yako akitegemea umrudishie ya nauli, umemrudishia kwa uaminifu, na salio lake bado ni sufuri. Ukiwa na deni, waambie wenzako mapema. Na kama ni lazima mmoja alipe kwa niaba ya wote, awe ni yule ambaye pesa ikimrudia inakaa.

Njia ya tatu ndiyo tuliyofuata: kila mtu alipe 660 yake moja kwa moja kwenye Till. Kwetu sisi, makato sufuri. Kwa mwenye bucha hakuna tofauti, kwa sababu yeye hukatwa asilimia 0.55 ya anachopokea, ambayo kwa bili yetu ni kama shilingi 25, iwe imekuja kwa mkupuo au kwa vipande saba. Kazi yake inayoongezeka ni ya kuhesabu, na Mama Wakala aliisimamia kama msimamizi wa mtihani.

Namba mbili ukutani

Ukuta wa ile bucha ulikuwa na namba mbili. Moja ilikuwa kwenye stika ya kijani karibu na mizani. Nyingine ilikuwa imeandikwa kwa rangi, kubwa, nzuri, juu ya dirisha la kupokelea chakula, pale ambapo macho ya mtu aliyekaa yanafika kwanza. Mwenzetu wa kwanza kulipa aliiingiza hiyo ya dirishani. Jina likatokea kwenye simu, na halikuwa la bucha wala la hoteli. Lilikuwa la duka la mbolea na mbegu.

Alisimamisha. Bado hakuwa amethibitisha.

"Aa, hiyo!" mwenye bucha alisema. "Hiyo ni ya aliyekuwa na hii nyumba kabla yangu. Nimekuwa nikisema nitaipaka rangi."

Hakukuwa na mwizi hapa. Kulikuwa na mpangaji aliyehama na rangi ambayo haijanunuliwa. Lakini pesa haijui tofauti hiyo. Ingeenda kwa mwenye duka la mbolea, popote alipo sasa, na mwenye bucha angesema kwa haki kabisa kwamba hajapata kitu. Mwenyekiti alitoka nje, akarudi na kipande cha makaa, akapanda kwenye benchi na kuifuta ile namba mpaka ikawa doa jeusi. Haikupendeza. Ilitosha.

Kwa hivyo tunakuomba jambo moja ukiwa hotelini: lile jina linalotokea kabla pesa haijaondoka, lisome kwa sauti. "Naona imeandika hivi, ni wewe?" Wakati mwingine jina litakuwa geni na bado ni sawa, kwa sababu biashara nyingi zimesajiliwa kwa jina la mke, la ndugu au la kampuni ambayo haimo kwenye bango. Mwenye biashara atakwambia. Akisita, nawe usibonyeze.

Mwenye bucha naye alikuwa na lake la kusema, na tunaona ni haki kuliandika. Mwaka jana mteja alimwonyesha kwenye simu ujumbe kwamba amelipa, akabeba mguu mzima wa mbuzi, na pesa haikuingia kamwe. Tangu hapo haangalii simu ya mteja. Anaangalia yake. Usikasirike ukiambiwa ungoje kidogo. Ujumbe wa kwenye simu yako unaweza kuhaririwa na mtu yeyote mwenye dakika tano.

Malipo sita yaliingia kama kawaida. La mwenyekiti likakwama. Alikuwa ameweka nambari ya siri, simu ikazunguka, kimya. Akataka kurudia. Mama Wakala akamshika mkono. Aliangalia salio kwanza, na 660 ilikuwa imeshatoka. Baada ya muda mfupi simu ya mwenye bucha ikalia. Angerudia, angekuwa amekula choma ya watu wawili.

Ilienda wapi?

Katika haya yote Mwalimu alikuwa kimya, akiliangalia lile doa la makaa. Kisha akauliza, polepole, kama mtu ambaye hataki kuonekana anatarajia jibu: "Kwani mimi naweza kujua yangu ilienda wapi?"

Anaweza, na wewe unaweza. Kufuta meseji kwenye simu hakufuti kumbukumbu ya muamala. Kwa *334#, kwenye sehemu ya akaunti, unaomba taarifa ya miezi unayotaka, nayo inatumwa kwa barua pepe. Mwenye simu kubwa anaipata pia kwenye programu ya M-Pesa. Mwalimu ana barua pepe ambayo binti yake alimfungulia kwa ajili ya mambo ya pensheni. Akabonyeza mwenyewe, herufi moja moja. Alipofika kwenye nambari ya siri alitunyooshea simu tumsaidie, nasi tukageuka kuangalia barabara. Hiyo hatuishiki hata tukiombwa, na yeyote anayejitambulisha kwako kuwa ni mfanyakazi wa kampuni ya malipo kisha anaiomba, huyo si mwenzetu.

Taarifa huja ikiwa imefungwa, na msimbo wa kuifungua unatumwa kwa meseji kwenye laini yako. Simu ya Mwalimu haiwezi kufungua faili kama hiyo, kwa hivyo tukatembea naye mpaka kwenye saiba iliyo ng'ambo ya barabara. Kijana wa pale akaifungua. Mwalimu akavaa miwani, akateremka na kidole kwenye kioo: Januari hapana, Desemba, tarehe, hiyo hapo.

Zilikuwa mbili. 7,800 jioni saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili, na 7,800 nyingine dakika kumi na tisa baadaye. Ya pili ina jina la hoteli. Ya kwanza ina jina la kinyozi.

Hakusema kitu kwa muda. Kisha akacheka peke yake. "Nimewanyoa wazee wanane," alisema.

Tulimweleza ukweli kama ulivyo. Anaweza kuchukua namba ya muamala na kupiga huduma kwa wateja, na tulimsihi afanye hivyo, lakini miezi minne ni mingi na hatukuweza kumwahidi kwamba kinyozi bado ana 7,800 ya kurudisha. Alitusikiliza kwa adabu. Ilikuwa wazi kwamba si hiyo aliyokuwa akiifikiria.

Alimwambia kijana wa saiba achapishe ule ukurasa wa Desemba, nakala tatu. Moja ya mwenyekiti wa kikao, moja ya kaka yake, moja yake. Shilingi kumi kila nakala, akalipa kwa Till, na jina lilipotokea akamsomea kijana kwa sauti ya darasani. Kijana akasema ndiyo, ni la dada yake.

Kikao ni Jumapili, alituambia, baada ya kanisa. Akazikunja karatasi mara mbili, akaanza kuzitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, kisha akazitoa tena na kuuliza kama tuna kalamu. Tulikuwa nayo. Akaegemea kaunta ya saiba na kupiga mstari, mara tatu, chini ya ile saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili.